Nyumba ya Kasisi ya Haworth: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia na ujenzi wake

Wengi wanaisikia nyumba hii kwanza kupitia riwaya zilizoandikwa ndani yake, kisha ndipo wanaanza kuuliza kuhusu kuta, vyumba na makaburi yaliyo mbele ya mlango. Ukurasa huu unaanza na nyumba. Waandishi, yaani dada watatu Charlotte, Emily na Anne Brontë, watatajwa, maana hawakwepeki, lakini watatajwa kama wakaaji wa nyumba ambayo haikuwa mali yao.

Nyumba hii iko wapi?

Iko Haworth, kijiji cha Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, si mbali na mji wa Bradford. Kijiji kimepanda mlima. Barabara yake kuu ni mteremko mkali uliotandazwa mawe, na mawe hayo yaliwekwa kwa namna ya kuwasaidia farasi wakanyage bila kuteleza. Ukifika juu kabisa unalikuta kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, kisha uwanja wa makaburi, kisha nyumba ya kasisi. Nyuma ya hapo kijiji kinaisha na nyika ya mwinuko inaanza: nchi wazi yenye upepo, vichaka vifupi na udongo wa mboji ambao zamani watu waliuchimba, wakaukausha na kuuchoma kama kuni.

Ilijengwa lini, na kwa ajili ya nani?

Ilijengwa mwaka 1778 na 1779 iwe makazi ya kasisi wa Kianglikana wa Haworth, yeyote atakayekuwa. Kwa hiyo William Grimshaw, mhubiri maarufu aliyeitumikia Haworth kuanzia 1742 mpaka alipofariki 1763, hakuwahi kulala humo. Yeye aliishi Sowdens, nyumba ya shambani jirani. Wageni wengi hudhani kila kilicho cha kale hapa kina umri mmoja, kumbe nyumba ni changa kuliko umaarufu wa kanisa lake.

Kwa nje inafananaje?

Ni nyumba ya ghorofa moja juu ya ile ya chini, ya mawe ya mchanga ya eneo hilohilo, ambayo yakipigwa na mvua na moshi wa viwanda kwa miaka mingi hugeuka rangi na kuwa kama kahawia iliyokoza. Paa ni la vibamba vizito vya mawe. Mtindo wake ni wa enzi za wafalme walioitwa George, na mtindo huo una tabia moja kuu: ulinganifu. Mlango umekaa katikati, madirisha mawili kulia, mawili kushoto, na juu yake safu ya madirisha matano. Madirisha ni yale ya kusukuma juu na chini, yenye vioo vidogo vidogo vilivyogawanywa kwa vijiti vya mbao. Mlango umepewa nguzo bapa pande zote mbili na pembetatu ya jiwe juu yake. Hilo ndilo pambo pekee la maana upande wa mbele.

Kwa macho ya leo inaonekana nyumba ya kawaida tu. Kwa Haworth ya mwaka 1779 haikuwa ya kawaida hata kidogo. Wafumaji wa sufu waliokuwa wengi kijijini walibanana kwenye vyumba vichache, na baadhi ya familia ziliishi kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Mlango wenye nguzo ulisema wazi kwamba aliyemo ndani ni mtu mwenye cheo. Haukusema kama ana fedha, na hapo ndipo ilipo habari yote ya nyumba hii.

Hilo bawa kubwa la upande wa kulia nalo ni la 1779?

Hapana. Ukisimama mbele ya nyumba, sehemu ile ya kulia iliyojitokeza na yenye paa la ncha iliongezwa mwaka 1878 na kasisi John Wade. Akina Brontë hawakuijua. Picha nyingi zinazosambaa zinaionyesha nyumba pamoja na bawa hilo, kwa hiyo mtu anayetaka kuiona nyumba waliyoishi wao hana budi kulifunika bawa hilo kwa kiganja na kuangalia kilichobaki: mlango, madirisha manne chini, matano juu.

Ili kupata njia ya kuingia kwenye bawa lake, Wade alibomoa jiko la nyuma. Kazi nzito za nyumbani, kama kufua nguo, ndizo zilizokuwa zikifanyika huko, na sehemu hiyo ya maisha ya nyumba imepotea moja kwa moja.

Ndani vyumba vimepangwaje?

Mlango unafunguka kwenye ukumbi mwembamba wenye sakafu ya mawe. Kulia ni chumba cha kazi cha kasisi, ambako alisoma, aliandaa mahubiri, alipokea watu wa parokia na mara nyingi alikula peke yake kwa sababu ya tumbo lililomsumbua. Kushoto ni chumba cha kulia, ambacho pia kilikuwa sebule ya familia. Nyuma ya chumba cha kasisi kuna jiko. Nyuma ya chumba cha kulia kulikuwa na stoo, na hiyo tutairudia.

Ngazi nazo ni za mawe. Katikati ya kupanda kuna pahali pa saa ndefu ya kusimama, iliyotengenezwa na Barraclough, fundi wa Haworth. Patrick Brontë, kasisi na baba wa waandishi hao, alikuwa akiijaza ufunguo saa tatu usiku akielekea kulala, na akipita chini huwaambia binti zake wasikeshe sana. Wao walikesha.

Juu kuna vyumba vya kulala, chumba cha watumishi ambacho hapo awali kilifikiwa kwa ngazi za mawe za nje, na juu kabisa ya ukumbi kuna chumba kimoja kidogo mno, hakina hata meko ya kuotea moto. Watumishi walikiita chumba cha kusomea cha watoto. Ukutani, chini ya tabaka za rangi, ilikutwa michoro ya kalamu iliyokwaruzwa na mikono ya watoto. Sina hakika kama kuna chumba kingine kidogo kiasi hicho kilichotoa maneno mengi namna hiyo.

Familia ya Brontë ilifikaje hapa?

Patrick Brontë alizaliwa 1777 katika wilaya ya Down, Ireland, mtoto wa wakulima maskini. Akasoma kwa juhudi hadi chuo cha St John's, Cambridge, akawekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1806 na kasisi mwaka 1807. Alihamia Haworth Aprili 1820 kutoka Thornton, akiwa na mkewe Maria, mzaliwa wa Penzance huko Cornwall, na watoto sita, mkubwa wao hajafikisha miaka saba. Mizigo ilipanda mlima kwa mikokoteni.

Kuipata kazi yenyewe ilikuwa kasheshe. Haworth ilikuwa chini ya parokia ya Bradford, na kasisi mkuu wa Bradford alijiona ndiye mwenye haki ya kumteua kasisi wa Haworth. Lakini mshahara ulitoka kwenye ardhi iliyoshikwa na wadhamini wa Haworth, na wadhamini hao walisema: asiyekubaliwa na sisi halipwi na sisi. Mwaka 1819 kasisi aliyeteuliwa bila ridhaa yao, Samuel Redhead, alifanyiwa fujo kanisani mpaka akaondoka baada ya wiki chache. Patrick alipita katikati ya ugomvi huo kwa kukubaliwa na pande zote mbili.

Mkewe alifariki Septemba 1821, mwaka mmoja na ushee tangu wafike. Dada wa marehemu, Elizabeth Branwell, alikuja kutoka Cornwall kuwalea watoto, akabaki hadi kifo chake 1842.

Kwa nini mnasisitiza kwamba nyumba haikuwa yao?

Kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Hii ilikuwa nyumba ya kazi. Patrick alipewa mshahara wa pauni 170 hivi kwa mwaka, pamoja na nyumba isiyolipiwa kodi, kwa muda wote atakaokuwa kasisi. Akifa, nyumba inarudi kwa wenyewe na anakuja kasisi mwingine na familia yake. Hakuna cha mjane wala yatima. Binti zake walikua wakilijua hilo, na baba yao alikuwa mtu wa kuugua mara kwa mara. Kila homa yake ilikuwa tishio la kukosa paa.

Ndiyo maana mabinti watatu waliobaki, Charlotte, Emily na Anne, wote walitafuta kazi, na kazi iliyomfaa binti wa kasisi ilikuwa moja tu: ualimu, wa shuleni au wa kukaa kwenye nyumba za matajiri na kuwafundisha watoto wao. Hawakuipenda. Mwaka 1844 wakabuni njia ya tatu: kuigeuza nyumba hii kuwa shule ndogo ya wasichana wa bweni. Walichapisha matangazo, ada ikawekwa pauni 35 kwa mwaka, na Charlotte alipanga kufanya matengenezo ya nyumba mara tu mwanafunzi wa kwanza atakapopatikana. Hakuja hata mmoja. Haworth ilikuwa mbali, mlimani, na mbele ya dirisha ni makaburi. Mzazi gani angempeleka mtoto huko kwa hiari?

Shule ilipokufa kabla ya kuzaliwa, walichukua sehemu ya fedha walizorithishwa na shangazi yao wakalipia uchapishaji wa mashairi yao mwaka 1846, kwa majina ya kubuni ya Currer, Ellis na Acton Bell. Kitabu kiliuza nakala mbili. Mwaka uliofuata, 1847, zikatoka Jane Eyre, Wuthering Heights na Agnes Grey. Kuna wanaosema waliandika kwa sababu ya upweke wa nyika. Mimi naona hofu ya kufukuzwa nyumbani ina sehemu kubwa zaidi kuliko nyika, angalau katika uamuzi wa kuchapisha. Kuandika walikuwa wakiandika tangu utotoni bila kutarajia senti.

Ni kweli makaburi yaliwaua akina Brontë?

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu fupi la ndiyo au hapana litakuwa la kupotosha.

Hali ya kijiji ilikuwa mbaya kupita kiasi. Patrick mwenyewe ndiye aliyesukuma ombi kwa Bodi Kuu ya Afya, na mkaguzi Benjamin Herschel Babbage akaja. Ripoti yake ya 1850 inasomeka kwa shida hata leo. Wastani wa umri wa kufa Haworth ulikuwa miaka 25.8. Watoto asilimia 41.6 walikufa kabla ya kutimiza miaka sita. Mifereji ya maji machafu ilikuwa wazi barabarani, vyoo vilikuwa vichache na vikitumiwa na nyumba nyingi kwa pamoja, na maji ya visima yalikuwa machafu. Katika miaka kumi iliyotangulia walizikwa watu 1,344 kwenye uwanja huo wa kanisa. Babbage aliona pia kwamba desturi ya kulaza mabamba makubwa ya mawe juu ya makaburi ilizuia mimea kuota, na udongo usiopata mimea wala hewa hauozeshi miili inavyotakiwa. Pamoja na hayo yote, bwawa la maji safi lilikamilika 1858 tu. Waliopaswa kulipa gharama walivutana kwa miaka.

Sasa nyumba ya kasisi. Ilikuwa na kisima chake na choo chake, jambo ambalo jirani wa kawaida hakulipata, na imekaa juu ya kijiji. Dada wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, waliugulia kwenye shule ya bweni ya Cowan Bridge wakafa 1825. Branwell, mtoto pekee wa kiume, alikufa Septemba 1848 akiwa na miaka 31, Emily Desemba ya mwaka huohuo akiwa na 30, Anne Mei 1849 akiwa na 29. Kifua kikuu ndicho kinachotajwa kwa walio wengi, na kifua kikuu huambukizwa kwa pumzi, hakitoki kaburini. Charlotte alifariki Machi 1855, akiwa na miaka 38 na mimba changa.

Kwa hiyo ukiwapima kwa kipimo cha Haworth, wote wanne waliofikia utu uzima waliishi zaidi ya wastani. Baba yao alifika 84. Maji mabaya na hewa ya makaburini huenda viliwadhoofisha, hilo haliwezi kufutwa, lakini picha ya nyumba yenye sumu inayomeza watoto wake mmoja mmoja ni ya hadithi zaidi kuliko ya ripoti.

Kwa nini hapakuwa na mapazia?

Patrick aliogopa moto. Si woga wa bure. Mwaka 1844 aliandika kwenye gazeti la Leeds kwamba katika miaka 20 ya utumishi wake Haworth alikuwa amewazika watoto kati ya 90 na 100 waliokufa kwa nguo zao kushika moto, akawasihi wazazi wawavike sufu au hariri badala ya pamba na kitani. Nyumbani kwake madirisha yalifungwa usiku kwa vibao vya mbao vya ndani, na mazulia yalikuwa machache. Ellen Nussey, rafiki wa Charlotte aliyetembelea mara ya kwanza 1833, alikumbuka kuta zilizopakwa rangi ya njiwa, sakafu ya mawe iliyosuguliwa ikang'aa kwa usafi, na madirisha yasiyo na pazia.

Moto wenyewe nusura utokee. Inasimuliwa kwamba Branwell, katika miaka yake ya ulevi, alikiwasha kitanda chake bila kujua na Emily akamwokoa. Baada ya hapo akawa analala chumba kimoja na baba yake, mzee aliyekaribia miaka 70 akimlinda mwanawe mtu mzima usiku kucha. Mapazia mekundu yaliingia baadaye kabisa, Charlotte alipokuwa na fedha yake mwenyewe na baba alipokuwa amelegeza kamba.

Riwaya ziliandikiwa chumba gani?

Zaidi chumba cha kulia, kwenye meza moja. Baba akishapanda kulala, mabinti walisukuma kazi za kushona kando wakaanza kuizunguka meza, wameshikana mikono, wakisomeana walichoandika na kubishana juu ya wahusika, mpaka kama saa tano usiku. Baada ya Emily na Anne kufa, watumishi walimsikia Charlotte akiendelea kuzunguka peke yake.

Meza ipo. Ina madoa ya wino, alama kubwa ya kuunguzwa na mshumaa katikati, na herufi E iliyochongwa kwa kisu. Ukiitazama kwa karibu unaona ni meza ya kawaida ya familia yenye mbao za pembeni za kukunja, imechakaa pembeni. Jane Eyre, ikumbukwe, ilianzia kwingine: Charlotte aliianza Manchester mwaka 1846, akimuuguza baba yake aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho.

Jiko nalo lina haki yake. Emily alifanya kazi nyingi za nyumbani baada ya mtumishi Tabitha Aykroyd, waliyemwita Tabby, kuvunjika mguu na kuzeeka; watu wa nyumbani walimkumbuka akikanda mkate huku kitabu cha Kijerumani kimefunguliwa mbele yake. Tabby alikaa na familia hii kwa takribani miaka 30, na hadithi zake za nyikani zilisikilizwa mbele ya meko ya jikoni, si sebuleni.

Charlotte alibadilisha nini katika jengo?

Mambo mawili makubwa, na yote yanaonekana hadi leo.

Mwaka 1850, akiwa mwandishi mwenye kipato, alipanua chumba cha kulia na chumba cha kulala kilicho juu yake. Nafasi haikutoka nje. Ukuta ulisogezwa ndani, ukumbi ukapungua upana, na kile chumba cha watoto kilicho juu ya ukumbi kikabanwa kikawa kama kijia. Kwa hiyo udogo wake unaoshangaza wageni si ule waliokulia watoto; sehemu yake iliibwa na dada yao alipokuwa mtu mzima, wakati wenzake wa utotoni walishakufa. Na utaona kwamba ulinganifu wa nje haukuguswa. Mafundi walivuruga vipimo vya ndani wakauacha uso wa nyumba kama ulivyokuwa.

Badiliko la pili ni la 1854. Alikuwa anaolewa na Arthur Bell Nicholls, kasisi msaidizi wa baba yake, na baba alikubali kwa sharti kwamba wanandoa wakae hapo nyumbani. Nicholls alihitaji chumba cha kazi. Ile stoo ya nyuma ikawekwa meko, karatasi za ukutani na mapazia ya kijani na nyeupe, na Charlotte aliandikia rafiki yake kwa furaha kwamba mapazia na karatasi vimeendana barabara. Walifunga ndoa 29 Juni 1854. Alikaa na mumewe katika nyumba hiyo miezi tisa tu.

Angalia vilevile nani alilipa. Mwanamke asiyemiliki hata tofali alitengeneza nyumba ya wadhamini kwa fedha za vitabu vyake, akijua kwamba siku baba yake atakapofumba macho, kazi hiyo itamfaidi mgeni.

Ikawaje Patrick alipofariki?

Ikawa kama walivyoogopa siku zote, ila mabinti hawakuwepo kuyaona. Patrick alikufa Juni 1861 baada ya miaka 41 ya utumishi. Nicholls, aliyekuwa amemtunza mkwewe kwa miaka sita tangu kifo cha Charlotte na kuifanya kazi ya parokia kwa niaba yake, alitarajiwa na wengi kurithi nafasi hiyo. Wadhamini wakamchagua John Wade. Nicholls ikambidi aondoke.

Oktoba 1861 vyombo vya nyumba vilipigwa mnada. Vitanda, meza, viti, vyombo vya jikoni, vitabu, vyote vikaenda kwa wanakijiji na wafanyabiashara. Nicholls alichagua vya kubaki navyo, miswada na kumbukumbu za mkewe, akarudi Ireland kwenye mji wa Banagher, akaacha ukasisi akawa mkulima. Ni huko, mwaka 1914, juu ya kabati la nguo katika nyumba ya mjane wake wa ndoa ya pili, ilipokutwa ile picha ya dada watatu aliyoichora Branwell. Ilikuwa imekunjwa. Mistari ya mikunjo bado inaonekana kwenye turubai, sasa iko National Portrait Gallery, London.

Iligeukaje kuwa makumbusho?

Chama cha Brontë kilianzishwa 1893, na miaka miwili baadaye kikafungua makumbusho madogo juu ya benki pale pale kijijini, maana nyumba bado ilikaliwa na kasisi. Makasisi hao waliishi kwa dhiki ya aina yake: wageni wakibisha hodi mwaka mzima wakiomba kuona chumba hiki na kile. Wade hasa hakupenda, na wapenzi wa vitabu wakamlaumu. Mimi namhurumia kidogo. Alikuja kufanya kazi, akapewa nyumba ya kazi, akakuta watu wanaiona kama kaburi la mtakatifu.

Mwaka 1928 Sir James Roberts, mzaliwa wa eneo la Haworth aliyetajirika kwa viwanda vya sufu, aliinunua kutoka kwa kanisa kwa pauni 3,000 akakikabidhi chama. Ikafunguliwa Agosti mwaka huo.

Samani zilizomo ni zao kweli?

Nyingi, ndiyo, na zimerudi kwa njia za kuzunguka. Kwa kuwa mnada wa 1861 ulifanyika kijijini, vitu vingi havikwenda mbali. Familia za jirani zilivihifadhi, zikavitoa au kuviuza baadaye. Vingine vilivuka bahari: Henry Houston Bonnell, mkusanyaji wa Philadelphia, Marekani, aliacha wosia kwamba mkusanyo wake uje Haworth. Ile meza ya kulia ilikuwa mikononi mwa watu binafsi tangu mnada, ikanunuliwa 2015 kwa msaada wa pauni 580,000 kutoka mfuko wa taifa wa kumbukumbu za urithi. Kochi la chumba cha kulia ndilo linalosemekana Emily alifia juu yake, ingawa si wachunguzi wote wanaokubali.

Na rangi za kuta?

Mwaka 2013 vyumba vilipakwa upya kufuatana na uchunguzi wa tabaka za rangi uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lincoln, waliokwangua pole pole hadi kufikia zile za wakati wa familia. Mahali ambapo karatasi za ukutani zilihitajika, zilichapwa kwa kufuata vipande na mifano ya kipindi hicho. Kwa hiyo unachokiona ni makadirio yenye msingi, si rangi ya mwaka 1850 iliyosalia.

Kanisa lililopo ndilo alilohubiria Patrick?

Mnara tu. Mwaka 1879 Wade alilibomoa kanisa la zamani na jipya likajengwa. Sehemu ya chini ya mnara wa kale ikaachwa. Familia yote isipokuwa Anne, aliyezikwa Scarborough alikofia, imelala kwenye kaburi la ndani lililo chini ya sakafu ya kanisa. Hapo zamani kulikuwa na lango kati ya bustani ya nyumba na makaburi, ambalo majeneza yalipitishwa. Limezibwa, na jiwe la kumbukumbu limewekwa mahali pake.

Miti mirefu inayoyafunika makaburi pia inadanganya macho. Ilipandwa 1864, ili isaidie kukausha na kusafisha ardhi. Madirisha ya akina Brontë yalitazama mawe matupu, mamia kwa mamia, hadi ukutani mwa kanisa.

Nina saa moja tu. Nitazame nini?

Jengo kabla ya vitu vilivyomo. Anza nje, tafuta kiungo kati ya mawe ya 1779 na bawa la 1878. Ingia, simama ukumbini, linganisha upana wa chumba cha kulia na ule wa chumba cha kasisi upande wa pili: ule wa kushoto umevimba na ukumbi umelipa. Panda ngazi, ingia chumba cha watoto uone ukuta uleule ulivyofanya kazi juu. Kisha nenda kwenye chumba cha Nicholls ukumbuke kwamba ni stoo. Saa ikibaki, vile vitabu vidogo vidogo vya utotoni, vilivyoandikwa kwa herufi ndogo kiasi cha kuhitaji lenzi, viko kwenye sanduku la kioo. Mara nyingi pana foleni, kwa hiyo viachie mwisho.